Wimbo mmoja miaka sita: je, ndio ulionifanya nisiamini mapenzi?

"Shikamoo dada. Nina miaka 29, niko Tanga, nasuka nywele saluni. Kuna wimbo mmoja wa bongo fleva nausikiliza tangu nina miaka 23, mwaka ambao mchumba wangu aliniacha wiki tatu kabla ya ndoa. Naweka ripiti, asubuhi kwenye daladala, usiku kitandani na hedifoni, kuna siku naufikisha mara ishirini. Kiitikio chake kwa kifupi kinasema anayependa kwa moyo wote mwisho wake ni kulia, na mimi naamini hivyo kabisa. Sasa kuna kaka ana miezi minane ananifuata kwa heshima, kafika mpaka kwa mama, lakini kila akinifanyia jema ule mstari unakuja wenyewe kichwani. Dada yangu anasema wimbo umeniharibu akili niufute. Jirani anasema nyimbo za hivyo zina mapepo. Ni kweli wimbo unaweza kumbadilisha mtu anavyoona maisha? Niufute? Na huyu kaka nimwambie au ataniona chizi?"

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Naanza na pole kwa sababu kuachwa kwenyewe umekutaja kwa maneno machache tu ukakimbilia kwenye wimbo, na mimi kwenye hii kazi ya ushauri nasaha nimejifunza kusimama pale mtu anapopita haraka. Wiki tatu kabla ya ndoa maana yake ndugu wameshapewa taarifa, sare labda zimeshashonwa, mama ameshatamba kwa majirani. Yaani hukupoteza mtu peke yake, ulipoteza na uso wa kutokea nje. Naliweka hilo mezani mapema kwa sababu tukiongelea wimbo bila kuongelea hiyo aibu na hayo maumivu tutakuwa tunatibu kivuli.

Sasa nikuelewe vizuri. Unachouliza hasa, ukiondoa dada na jirani, ni hiki: hiki ninachokiamini kuhusu mapenzi ni changu, nimekipata kwenye maisha yangu, au nimekiokota kwenye wimbo? Ni swali zuri sana na watu wengi hawajiulizi maisha yao yote.

La mapepo nitalipita haraka. Kama dua inakutuliza basi omba, mi siwezi kumkataza mtu dua, ila hayo unayonielezea, mstari kujirudia wenyewe kichwani, na hata kama machozi yanakuja kabla mwimbaji hajaanza au moyo unashtuka ukisikia kinanda cha mwanzo, yote yana maelezo ya kawaida kabisa ya jinsi kichwa cha binadamu kinavyofanya kazi na muziki. Hauko peke yako na huna kitu cha ajabu.

Na la dada yako, kwamba kupenda wimbo wa huzuni ni dalili kichwa kimeharibika, hilo nalo sio kweli. Kuna utafiti ulitoka 2014, watu 772 waliulizwa wanajisikiaje wakisikiliza muziki wa huzuni, na hisia iliyotajwa zaidi haikuwa huzuni yenyewe, ilikuwa ile hamu ya mambo yaliyopita, ile ya kukumbuka kitu kwa utamu na uchungu kwa pamoja. Na kuna mwingine wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, mwaka 2018, uliangalia watu wanaorudia wimbo mmoja mamia ya mara kama wewe, ikaonekana wale ambao wimbo wao una utamu uliochanganyika na uchungu wanaurudia zaidi na wanausikia ndani zaidi kuliko wenye nyimbo za furaha. Kwa hiyo kurudia wimbo wa machungu peke yake ni tabia ya watu wazima wenye akili zao, walimu, madereva, mama ntilie, hata sisi washauri.

Haya, tuje kwenye namna inavyofanya kazi, na hapa naomba uvumilie kidogo maana ndipo jibu lako lilipo.

Cha kwanza. Mwaka 2011 watafiti wa Montreal, Kanada, waliwapima watu ubongo wakiwa wanasikiliza nyimbo wanazozipenda zile za kusisimka mpaka nywele zinasimama, wakaona ubongo unamwaga dopamini, ile kemikali ya raha na kutamani, na haimwagiki tu pale patamu panapofika, inaanza hata kabla, wakati unasubiri. Yaani ile "sasa hivi kinakuja kiitikio" ni raha yenyewe. Na ili usubiri lazima uwe unaujua wimbo. Juu ya hapo tangu 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alishaonyesha kwamba kitu tunachokutana nacho mara kwa mara tunaanza kukipenda kwa kule kukizoea tu. Sasa fikiria hali yako mwaka ule. Mtu aliyekuahidi hakutimiza. Wimbo je? Wimbo kila ukiuweka kiitikio kinafika palepale kilipoahidi kufika, sekunde ileile, sauti ileile. Ulikuwa unahitaji kitu kimoja duniani ambacho hakikuachi njia panda na ukakipata kwenye simu. Mimi hapo sioni ubaya wowote, naona msichana aliyejiokoa kwa kilichokuwepo karibu.

Cha pili ni kumbukumbu. Mambo yaliyotupata kati ya miaka kama kumi na thelathini huwa yanakaa kichwani kwa nguvu kuliko ya umri mwingine, ndio maana wazee wetu wakisikia dansi la ujana wao wanakumbuka mpaka rangi ya shati. Wewe ulikuwa na 23, katikati kabisa. Wimbo na yale maumivu viliingia pamoja vikashikana. Kwa hiyo ukiuweka leo unafungua mlango na mwaka mzima unaingia, harufu, sauti ya mama kwenye simu anawaambia watu shughuli haipo tena. Na mtu akiwa na huzuni kumbukumbu za huzuni ndizo zinazokuja kirahisi, za furaha zinajificha, hii imejulikana tangu miaka ya themanini. Ndio maana usiku ukiwa na hedifoni huwezi kukumbuka hata jema moja la huyu kaka wakati mchana ulikuwa unayakumbuka matano.

Cha tatu ndicho kikubwa kwako. Mwaka 1977 watafiti watatu wa Marekani, Hasher na wenzake, waliwapa watu sentensi wapime kama ni za kweli au za uongo, wakawarudishia baadhi ya sentensi zilezile baada ya wiki kadhaa, na zile zilizorudiwa watu wakaziona ni za kweli zaidi. Hakuna ushahidi ulioongezwa, kurudiwa tu. Halafu mwaka 2000 wengine wakaonyesha kwamba msemo wenye vina watu wanauona ni wa kweli kuliko msemo wenye maana ileile usio na vina. Sisi watu wa vina na mizani tunalijua hili hata bila maabara, kanga inasema maneno manne na mtaa mzima unanyamaza.

Sasa tupige hesabu. Umesema kuna siku mara ishirini, tuseme tu wastani mara tano kwa siku, kwa miaka sita ni zaidi ya mara 10,000. Kiitikio kwenye wimbo mmoja kinarudi walau mara tatu. Mdogo wangu, huo mstari umeusikia zaidi ya mara 30,000, una vina, una sauti nzuri, na umeusikia ukiwa umelala gizani moyo uko wazi. Hakuna mtu mwingine amewahi kukwambia kitu chochote mara 30,000, hata mama yako hajawahi kukwambia anakupenda mara hizo. Sasa unashangaa nini mstari unapokuja wenyewe kaka wa watu akikuletea chapati saluni?

Kwa hiyo jibu ni ndio, wimbo unaweza kuchangia unavyoona maisha. Lakini angalia nimesema kuchangia. Wapo waliopima nguvu ya maneno ya nyimbo kwa watu, 2003 walipima nyimbo zenye maneno ya ukatili zikaongeza mawazo ya hasira, 2009 wakapima zenye maneno ya kusaidiana watu wakawa wepesi kusaidia, ila hivyo vipimo ni vya muda mfupi, dakika baada ya wimbo. Wimbo peke yake haukai ndani ya mtu miaka sita bila mtu kuulisha. Kwenye hiyo daladala yako asubuhi kuna mwingine anausikiliza wimbo huohuo, ana mume na watoto wawili, anaimba kiitikio huku anahesabu chenji, akishuka ameshausahau.

Na hapa nataka nikurudishe nyumbani kwenu, maana we ni mtu wa Tanga, mji uliotoa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, taarabu mmezaliwa nayo. Umeshaona mama anavyoinuka kwenda kutunza. Ukumbi mzima unasikia ubeti uleule, watu mia mbili, lakini anainuka yeye, kwa sababu ule ubeti umegonga kwake. Anaenda mbele polepole na noti mkononi, anacheza, pengine anamtazama fulani, machozi yanamtoka au anacheka, anampa mwimbaji hela. Hakuna aliyemsukuma. Maneno ni ya mtunzi lakini maana ameiweka yeye. Halafu, na hili ndilo ninalotaka uliangalie, akishatunza anarudi anakaa. Ubeti mwingine unaendelea, wengine nao wanainuka. We mdogo wangu uliinuka mwaka ule, ulikuwa na haki yote ya kuinuka, ila naona bado umesimama pale mbele na noti mkononi.

Wimbo ulikupa maneno siku ambayo ulikuwa huna maneno. Hiyo ni kazi nzuri ilifanya. Shida ni kwamba yale maneno yalikuwa kilio cha mtu mmoja kuhusu mtu mmoja, na wewe kwa kuyarudia yamegeuka hukumu ya wanaume wote pamoja na huyu ambaye hata hajakukosea. Kwa kitaalamu kuna tofauti kubwa kati ya kulia na kucheua. Kulia kunaenda kunaisha, ukimaliza unaona njaa. Kucheua, kama ng'ombe, ni kulirudisha lilelile mdomoni bila kulimaliza, kwa nini alinifanyia hivi, kwa nini mimi, na utafiti wa miaka mingi unaonyesha kucheua kunarefusha huzuni badala ya kuipunguza. Kujua uko upande gani ni rahisi, jiangalie ukishavua hedifoni. Umepata wepesi? Au umezidi kuwa mzito na unataka kuuweka tena?

Sasa niufute? Nitakuwa mkweli, kufuta kuna faida na hasara. Kuna watu nimewaambia wakae mbali na wimbo mwezi mzima na wakapata nafuu, hasa walipokuwa hawalali. Lakini wimbo maarufu hauwezi kuufuta Tanga nzima, utaukuta kwenye bajaji, utaukuta mteja kaweka kwenye spika saluni kwako, na kitu unachokikimbia kila ukikutana nacho kinakuwa kimeongezeka ukubwa. Halafu kuna kitu cha thamani mle, kuna wewe wa miaka 23 uliyevumilia, sitaki umfute huyo. Wala sikushauri ulazimishe nyimbo za furaha, mtu mwenye moyo mzito ukimwekea singeli anaona kama unamtania.

Ninachokushauri ni kubadilisha namna ya kuusikiliza. Kitandani usiku ndipo pabaya kuliko pote, uko peke yako, umechoka, giza, na hakuna wa kukubishia, kwa hiyo hapo anza kuuacha, simu ikalale mbali na kitanda. Ripiti itoe kabisa, ukitaka kuusikiliza uweke mara moja uishe halafu uache kimya kidogo uone unajisikiaje. Alafu siku moja ya mapumziko, mchana, kaa na daftari uandike maneno ya wimbo wote kwa mkono wako mstari kwa mstari. Pigia mstari yale yaliyokutokea wewe kweli. Utashangaa, ninaofanya nao zoezi hili mara nyingi wanakuta nusu ya wimbo haiwahusu kabisa, ni maisha ya mtunzi. Na zungushia duara maneno kama wote, hakuna, kamwe, daima, hayo ndiyo yanayogeuza kilio kuwa sheria. Mwimbaji ana ruhusa ya kuyasema, wimbo bila hayo haunogi. Wewe ukiyatumia kuamua maisha yako ndipo yanapokugharimu.

Lingine nililojifunza kwa mama yangu mwenyewe. Baba alipofariki mama alikuwa na kaseti moja ya zilipendwa, alikuwa anaweka upande mmoja tu, kila Jumapili, miaka na miaka, sisi watoto tukadhani amevunjika hatapona. Siku moja akatuita tukae naye akichagua mchele, akaweka ileile kaseti, ikifika mahali anasema hapa baba yenu alikuwa anasimama anacheza na sinia mkononi, tukacheka wote na yeye akacheka huku analia. Toka siku ile ikawa yetu wote. Mpaka leo nikiusikia ule wimbo naona mchele kwenye ungo. Maana yake kumbukumbu haijafungwa kwa saruji, ukiufungua wimbo kwenye hali nyingine na watu wengine unaingia na vitu vipya pia. Usikilize na dada yako mkiwa mnapika. Mwambie akusikilize ukimweleza kilichotokea mwaka ule, chote, maana nahisi hujawahi kumweleza mtu chote, umekuwa ukimwachia mwimbaji akuelezee. Sikuahidi itakuwa wiki moja, na kuna siku utarudi kwenye ripiti, usijichape, kesho unaendelea.

Kuna mahali barua haitoshi na naomba unisikilize hapa. Kama kwa wiki mbili au zaidi karibu kila siku huna raha na chochote, hulali au unalala kupita kiasi, chakula hakipiti, kazi inakushinda, unajiona huna thamani, au umeanza kunywa ili usinzie, nenda ukaonane na mtu ana kwa ana. Hospitali ya rufaa ya mkoa, kwenu ni Bombo, uliza kitengo cha afya ya akili, useme tu nimekuwa na huzuni muda mrefu, inatosha, hutaulizwa kuhusu wimbo kwanza. Na kama umewahi kuwaza bora usingekuwepo, usisubiri wiki mbili, nenda leo, mwambie dada yako akusindikize, na usiku huo usilale peke yako. Sijaona dalili hizo kwenye barua yako ila miaka sita ni mingi na watu hawaandiki kila kitu.

Tubaki na huyu kaka. Mi sikwambii umkubali, simjui, na tahadhari uliyoipata kwa machungu ni mali yako halali, huna haja ya kuitupa ili uonekane umepona. Angalia tu kama ni tahadhari au ni hukumu. Tahadhari inauliza maswali na inasikiliza majibu, kwao ni wapi, anafanya nini akikasirika, deni lake analilipaje, alimuachaje yule wa kabla yako. Hukumu haina swali. Jiulize, kuna kitu chochote huyu mtu anaweza kukifanya kwa mwaka mzima ujao kikakufanya useme labda huyu yuko tofauti? Ukipata hata vitatu basi unamchunguza, endelea kumchunguza taratibu. Ukikosa hata kimoja basi aliyekaa kwenye kiti cha kuamua ni ule mstari, na huyo kaka anapoteza muda wake na wako.

Kumwambia, mwambie. Chizi hakuoni, na kama atakuona chizi kwa sababu ulilia ulipoachwa wiki tatu kabla ya ndoa, utakuwa umejua jambo muhimu mapema na bila gharama. Usianze na maelezo marefu. Tafuta sehemu yenye watu lakini tulivu, hapo kwenu kando ya bahari jioni panafaa, mpe hedifoni upande mmoja we ubaki na mwingine, weka wimbo wote mara moja, usimwambie ni wa nini. Ukiisha muulize amesikia nini. Halafu nyamaza umwache amalize kujibu, hata akichelewa kupata maneno.